Ripoti ya eksirei ya mama mwenye pumu

SWALI: Mama yangu ana miaka 71 na ana pumu tangu ujana. Juzi alibanwa sana, akapigwa picha ya kifua akiwa kitandani. Ripoti inasema mapafu yamejaa hewa kupita kiasi, kiwambo kimelala bapa, moyo umetanuka kidogo, na kuna kovu juu ya pafu la kulia. Je, ni kansa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole kwa kuuguza. Katika hayo manne hakuna linalotaja kansa, ila kovu lifuatilieni.

Pumu huibana hewa zaidi wakati wa kuitoa kuliko kuivuta. Inayonaswa hulituna pafu na kukigandamiza kiwambo, ule msuli ulio kati ya kifua na tumbo, ambao kwa kawaida umepinda kama bakuli lililofunikwa. Aliyetoka kubanwa hilo ni la kutegemewa. Likibaki hata akiwa na nafuu, hasa kama amepikia kuni miaka mingi, ombeni kipimo cha kupuliza, spirometria, kabla ya kuvuta pampu ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, na dakika 15 baadaye. Hicho ndicho kinachopima njia za hewa. Wenye pumu wengi picha zao ni safi kabisa.

Moyo usiwatishe bado. Mgonjwa akisimama, kifua hugusa bamba linalonasa picha na miale huingilia mgongoni, kwa hiyo moyo huonekana karibu na ukubwa wake halisi. Kitandani miale huingilia mbele, moyo ukiwa mbali na bamba, na kivuli hukua kama cha mkono uliosogezwa karibu na taa. Kanuni ya kwamba moyo usizidi nusu ya upana wa kifua ni ya picha ya kusimama, basi irudiwe hivyo akipata nafuu. Lakini akivimba miguu, au akiamka usiku akihema na kutaka kukaa, ombeni eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Moyo ukishindwa kazi, kifua nacho hupiga filimbi kama cha pumu, na kwa wazee hili hupitwa mara nyingi.

Sasa kovu. TB ya zamani hupenda kuacha alama juu ya pafu, na picha moja haitoshi kusema imepoa au ingali hai. Tafuteni picha yake ya zamani, hata ya miaka mitano nyuma, mpeleke picha yenyewe pamoja na ripoti. Kovu lisilobadilika kwa miaka huondoa hofu. Lililokua au lililozuka huhitaji CT, eksirei inayoonyesha pafu vipande kwa vipande. Kama anakohoa wiki mbili au zaidi, anatoka jasho usiku au anakonda, makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya TB. Na daktari aambiwe habari ya kovu hilo kabla ya kumwandikia prednisolone ya muda mrefu, kwa sababu dawa hiyo hushusha kinga na TB iliyolala inaweza kuamka.