Maswali ya Wasomaji: Kinga Inapoyadhuru Mapafu

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba baadhi ya wagonjwa wa UVIKO-19 walizidiwa wakati virusi vimeanza kupungua mwilini. Je, seli za kinga zenyewe huweza kuharibu mapafu?

JIBU: Ndiyo, ndugu msomaji, ingawa bila seli hizo hatuponi. Virusi vinapoingia katika vifuko vya hewa, makrofaji zilizomo, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, hutoa saitokini, yaani protini za kuita msaada, na seli nyeupe za damu, hasa nyutrofili, hufurika kutoka mishipani. Mwito huo usipokoma kwa wakati, vimeng'enya vya nyutrofili huumiza kuta nyembamba za vifuko, majimaji huvuja na kuvijaza, na oksijeni hushindwa kupenya hadi kwenye damu. Seli T, zinazoua seli zilizoambukizwa, mara nyingi hupungua katika damu ya wagonjwa mahututi, jambo ambalo naona halitajwi vya kutosha.

Mwaka 2020 jaribio la RECOVERY nchini Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, lakini haikuwafaa wasiohitaji oksijeni. Kwa hiyo nakusihi usiitumie bila agizo la daktari.