Mdogo wako anakwenda shamba la ng'ombe Denmark msimu wa mvua? Soma hapa

Mleta uzi, umeuliza mambo matatu: mdogo wako wa kike anaondoka mwezi wa tisa kwenda Jylland, ile rasi kubwa ya magharibi ya Denmark, kufanya mafunzo kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, je abebe nini, hali ya hewa ataiweza, na maisha ya kijijini huko yakoje mvua zikianza. Waliokujibu hapo juu wanaishi Copenhagen. Si kosa lao, ila Copenhagen iko kisiwani, mbali na Jylland, na mambo yake ni mengine. Mimi niko karibu na Skjern, magharibi ya Jylland, huu mwaka wa saba, kazi yangu kukamua. Ngoja nikueleze ninachokiona.

Tuanze na mvua yenyewe. Mimi ni mtu wa Tanga, na nilipoambiwa Denmark kuna mvua nilicheka. Ukitazama namba, nilikuwa na haki ya kucheka: kwa mwaka wa kawaida nchi hii hupata kama milimita 760, wakati Tanga hupita 1,200. Hata 2023, mwaka ulioshinda yote kwa mvua tangu walipoanza kupima 1874, walifika kama 970 tu. Sasa tofauti iko hapa. Ya kwetu inakuja kwa hasira, inamwaga, inaondoka, jua linawaka, nguo zinakauka. Ya huku inakaa kama mgeni asiyeaga. Kuna aina wanaiita støvregn, yaani mvua ya vumbi. Huioni ikidondoka, unashtukia tu kope zimelowa. Na huku magharibi upepo unatoka moja kwa moja Bahari ya Kaskazini, kwa hiyo mvua inakuja kwa ubavuni. Mwavuli asibebe. Wangu ulipinduka siku ya pili.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea: nyumba hazina bati. Ni vigae, na chini yake dari nene. Inanyesha usiku kucha husikii kitu. Nililala vibaya mwezi mzima wa kwanza na sikujua ni kwa nini, mpaka nilipoingia kwenye banda la kuhifadhia mashine, lenye mabati, mvua ikiwa juu. Nilisimama mle kama dakika kumi nikisikiliza.

Lakini jambo kubwa la kumwambia mdogo wako ni hili: huku mvua si udhuru. Kwetu mvua ikinyesha kila mtu anaelewa. Fundi haji, kikao kinaahirishwa, mtoto anabaki nyumbani. Oktoba yangu ya kwanza nilitakiwa zizini saa kumi na moja alfajiri. Inanyesha kweli kweli, nikasema acha ipungue. Nikafika nimechelewa dakika ishirini. Bosi alikuwa ameshaanza peke yake. Hakugomba. Aliniuliza, "Unaumwa?" Nikamwambia hapana, mvua. Akanitazama kama nimemwambia nimechelewa kwa sababu leo ni Jumanne. Alikuwa haelewi uhusiano, wallahi. Watoto wa chekechea hapa kijijini wanatolewa nje kucheza matopeni wakiwa wamevaa maovaroli ya mpira, na wazee wa miaka themanini wanaendesha baiskeli kwenda dukani.

Kwa hiyo nguo. Asinunue Dar. Makoti ya "baridi" ya mitumba ni ya baridi kavu, yakilowa yanakuwa mzigo. Anunue hapahapa suruali ya mvua na koti lake, vile vya wafanyakazi wa shambani na wavuvi, na gambuti zenye joto ndani, azichukue kubwa kwa namba moja ili soksi ya sufu iingie. Glavu jozi tatu, kwa sababu mbili zitakuwa zinakauka. Shati la ndani liwe la sufu. Pamba ikilowa inakugandisha. Na kizibao chenye kung'aa kwenye mwanga asikivue barabarani. Barabara za huku hazina taa, na jioni paa wanakatiza mbele ya magari.

Shambani sasa. Kama ni shamba la kilimo hai, ng'ombe lazima watoke malishoni kuanzia 15 Aprili mpaka 1 Novemba, hali ikiruhusu. Hiyo ni sheria. Maana yake Oktoba yote atakuwa anawafuata ng'ombe kwenye majani yaliyolowa, na pale mlangoni pa malisho, wanapopita wote, pataoza pawe uji wa magotini. Niliacha gambuti moja mle nikatoka na soksi. Ng'ombe wenyewe ikifika wiki za mwisho wanasimama getini wakiomba kuingia.

Atakachokizoea kwa taabu ni mahindi. Wanalima mahindi mengi, lakini hawayali. Yakifika mwezi wa kumi, gobo likiwa bado na maziwa kidogo, linapita jimashine linasaga kila kitu, bua, majani, gunzi na punje, yanarundikwa, yanakandamizwa kwa trekta na kufunikwa kwa turubai: saileji ya ng'ombe wakati wa baridi. Mara ya kwanza niliumia rohoni. Nilichuma magobo sita nikayachoma kwenye jiko la kuni la nyumbani. Magumu, hayana utamu, si ya kuliwa na binadamu. Lakini nilikula yote sita.

Mwaka ule wa 2023 mashine hizo zilizama. Udongo wa huku ni wa mchanga, unanyonya maji, ila mashamba ya karibu na mto ni tope tupu. Mto wetu, Skjern Å, ndio wenye maji mengi kuliko yote nchini. Miaka ya 1960 waliunyoosha ukawa mfereji ili wapate mashamba, halafu kati ya 1999 na 2002 wakaurudishia kona zake kwa gharama kubwa. Vuli mbuga zake zinajaa maji, bata na mabata bukini wanatua kwa maelfu. Mzee mmoja jirani, ambaye baba yake alishangilia mto uliponyooshwa kuwa mfereji, aliniambia maji yana kumbukumbu kuliko serikali.

Kuna na shida ya samadi ya majimaji. Ikifika mwanzo wa Oktoba hairuhusiwi tena kumwagwa shambani mpaka 1 Februari, kwa sababu isingesharabiwa na mimea, ingeishia mitoni. Inakaa kwenye matangi ya wazi, na mvua inaingia humohumo. Vuli ya mvua nyingi bosi anakwenda kuchungulia tangi kila asubuhi kabla hata ya kahawa. Mdogo wako akimwona bosi wake amenuna Novemba, asidhani ni yeye. Ni tangi.

Giza ni habari nyingine, na hili nasema kwa uzito. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla karibu saa kumi na moja jioni jua limezama. Desemba linachomoza karibu saa tatu asubuhi. Ukikamua asubuhi na jioni unaweza kumaliza siku tatu hujaona mchana. Ameze vitamini D kuanzia Oktoba, asingoje kujisikia vibaya. Mchana akipata saa moja ya mapumziko atoke, hata kama ni mvua.

Nyumbani asifanye kosa langu. Nilifunga madirisha yote kuzuia baridi na nikaanika nguo chumbani. Januari nilipolisogeza kabati, ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa ukungu, na mwenye nyumba alinikata kwenye amana. Afungue madirisha wazi kabisa dakika kumi, mara mbili au tatu kwa siku, kisha afunge. Joto linarudi.

Watu je? Hodi ya ghafla haipo. Nyumba ya jirani iko mita mia nne, na unaweza kupita mwezi mzima mkipungiana mikono tu. Mimi nilidhani wananichukia. Kumbe vijiji vingi vina ukumbi wake, forsamlingshus, na huko ndiko wanakutana: mara moja kwa mwezi watu wanakula pamoja, unajiandikisha, unalipa kiasi kidogo. Mama mmoja jirani alinitumia ujumbe, niende. Mimi sili nguruwe, na siku ile chakula kilikuwa stegt flæsk, vipande vya nguruwe na mchuzi wa parsley, ndicho walichokipigia kura mwaka 2014 kuwa chakula cha taifa. Niliwaambia mapema. Nilikuta sahani yangu ya samaki, imefunikwa, imeandikwa jina langu kwa kalamu. Baada ya hapo walianza kusimamisha magari kuniuliza kama nataka lifti. Mdogo wako asisubiri kuitwa. Ratiba hubandikwa dukani.

Lifti ataihitaji, kwani basi letu linafuata saa za shule na Jumapili halipo kabisa. Kwa mboga asihangaike: kando ya barabara kuna vibanda visivyo na mtu, viazi, maboga, mayai, asali. Unachukua, unatumbukiza hela koponi au unatuma kwa MobilePay, M-Pesa yao. Mara ya kwanza nilizunguka kibanda nikimtafuta mwenye mali.

Akishapata tarehe ya kufika, nitumie ujumbe binafsi. Nina suruali ya mvua niliyonunua namba ndogo, haijavaliwa hata mara mbili, naweza kumpelekea stesheni.