Karatasi ya Shule Isome Jioni Hiyo Hiyo

Juzi mama mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, kaniandikia. Ana watoto wawili katika shule binafsi, na anasema shule yenyewe haiishi matangazo. Kila Ijumaa mtoto anarudi na karatasi: mara kikao, mara siku ya michezo, mara ziara, mara fulana mpya. "Dada, ada nimelipa. Wanifundishie mtoto, mimi waniache nitafute hela. Wewe unavumiliaje?"

Ujumbe ule niliusoma dukani, mteja amesimama mbele yangu anasubiri chenji, na nikaishiwa nguvu. Maneno hayo niliyasema mimi. Niliyasema mwaka jana mezani kwangu, mbele ya binti yangu, nikiwa nimeishika karatasi ya shule kama mtu aliyeletewa hati ya deni. Basi mama, jibu lako ni refu, nami nimeona niliandike hapa hapa ili na wenzako walisome.

Wanaonifahamu wanajua nauza vitenge Kariakoo. Nyumbani ni Goba, shule ya watoto iko upande wa Tegeta. Natoka alfajiri, narudi usiku, na katikati kuna foleni ya Mwenge. Nilimpeleka binti yangu shule ile kwa sababu nilitaka apate nilichokikosa, na kila muhula ada yake niliilipa kabla ya tarehe. Sikuwahi kukumbushwa hata mara moja. Jambo hilo lilinipa kiburi, niseme ukweli. Nilijiona mzazi bora kuliko wale wanaoitwa ofisini kila mwezi.

Matangazo sikuyasoma. Yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni karatasi ya Ijumaa, imechapwa pande mbili kwa Kiingereza, inakaa kwenye begi pamoja na mfuko wa chakula. Dada wa kazi aliitoa, akaiweka juu ya friji, na kwa kuwa Kiingereza hakisomi hakujua kama ni ya mtihani au ya fulana. Njia ya pili ni grupu la wazazi wa darasa. Humo kulikuwa na maua ya habari za asubuhi, wanaouza keki, wanaotafuta binti wa kazi, dua za kila aina, na tangazo la mwalimu limezama katikati kama sindano kwenye jora la kitambaa. Nikalinyamazisha. Nikajiambia kikiwepo cha maana watanipigia.

Hawakunipigia. Kwa nini wanipigie, nami nimeandikiwa mara mbili?

Kilichonipita kwanza ni kikao cha wazazi cha Februari 2024. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza ameingia darasa la tatu. Siku ile mwalimu mkuu alieleza habari ya mtaala mpya, ulioanza Januari mwaka huo kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Alieleza kwamba elimu ya msingi sasa ni miaka sita, na kwamba hawa walioingia la tatu 2024 watamalizia darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao waliowatangulia watamaliza la saba. Wazazi waliokuwepo waliuliza maswali mpaka saa saba mchana. Mimi nilikuwa nahesabu majora.

Habari hiyo niliipata Novemba, tena dukani kwangu. Mteja wangu, mama mwenye mtoto wa umri huo huo, akaniuliza tu katika mazungumzo, "Wa kwako si yuko la tatu? Basi Januari 2028 unaye kidato cha kwanza." Nikamwambia hapana, ni 2029. Akanihesabia kwa vidole. Ndani ya kikoba chetu nilikuwa nimepanga zamu yangu ya fedha za sekondari itue mwishoni mwa 2028. Mwaka mzima wa maandalizi ulikuwa umeyeyuka, na huo ndio mwaka ambao madarasa mawili yatatafuta nafasi za kidato cha kwanza kwa pamoja. Kila mzazi wa darasa lile alikuwa anajua tangu Februari. Nilisimama pale na futi ya kupimia mkononi nikashindwa hata kumpimia kitambaa chake.

Hilo lilikuwa la hela, na hela hutafutwa. La pili ndilo linaloniuma mpaka leo.

Julai 2024 kulikuwa na Siku ya Wazazi. Darasa la tatu waliandaa ngonjera, na binti yangu ndiye aliyechaguliwa kuiongoza. Alikuwa akiikariri bafuni, nami nikisikia sauti nadhani ni nyimbo za watoto. Jumamosi ile wateja wangu wakubwa kutoka Lubumbashi walikuwa mjini, nikatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mtoto alikuwa amelala. Dada wa kazi aliona wenzake wa jirani wanawavalisha watoto sare zilizopigwa pasi, akauliza, akamvalisha na yeye, akampeleka kwa bodaboda. Namshukuru mpaka kesho. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kiti chenye jina la familia yangu.

Mwalimu wa darasa alinisimulia baadaye, nilipojikaza kumpigia. Alisema binti yangu alipanda jukwaani, akaanza ubeti wa kwanza, akaangalia viti, akanyamaza. Akaangalia lango. Mwalimu akamnong'oneza neno linalofuata, akaendelea mpaka mwisho bila kukosea. "Alifanya vizuri, mama," mwalimu akaniambia. "Ila baada ya pale hakutaka kupiga picha."

Jioni ile nilirudi na mfuko wa chipsi na kuku. Akaniambia, "Shikamoo mama," nikaitikia, akaenda kulala. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Kesho yake nikalifungua grupu kutafuta picha. Nikazipata. Chini yake mzazi mmoja alikuwa ameandika kwamba kuna watu wanadhani ada ndiyo malezi. Hakutaja mtu, na wengine wanane wakamwekea kidole gumba. Labda hakunikusudia mimi. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na bado kila nikimwona langoni shuleni koo linanikauka. Mzazi mwenzio akikosa, mpigie. Usimwandikie mafumbo mbele ya watu arobaini. Aibu haijawahi kumfanya mtu asome tangazo, mimi ilinifanya niogope kulifungua grupu kwa miezi miwili.

Sasa mama uliyeniandikia, nikwambie nilichobadilisha. Si kingi.

Karatasi ya Ijumaa naisoma Ijumaa hiyo hiyo. Siisubirishi mpaka Jumapili, wala siiweki juu ya friji. Nikifika, hata kama ni saa tatu usiku, nafungua begi mwenyewe. Dada hanifungulii. Naisoma nimesimama, kabla sijavua viatu, kwa sababu najijua: nikikaa, nimelala.

Kisha natafuta tarehe kabla ya kutafuta kiasi cha hela. Hili nataka ulishike sana, kwa sababu wengi wetu macho yanakimbilia kwenye shilingi, tukiiona tunakasirika, tukikasirika karatasi inaishia pale. Ni kweli mengine yanataka hela, na mengine mimi huyakataa. Mwaka huu walileta fulana ya pili ya michezo, nikamwandikia mwalimu kwa adabu kwamba ya mwaka jana bado inamtosha. Hakuna aliyenifukuza. Lakini fulana na kikao vimeandikwa kwenye karatasi moja, na ukiitupa kwa hasira ya fulana umekitupa na kikao.

Tarehe nazihamishia kwenye kalenda kubwa ya ukutani, zile tunazogawiwa madukani Desemba, kwa biki nyekundu. Iko jikoni, ambapo dada anaiona, baba yao anaiona, na mtoto mwenyewe anaiona. Kinachohusu darasa la binti yangu nakizungushia duara. Simu nayo naiwekea ukumbusho, ila simu inanikumbusha mimi peke yangu, na nyumba haiendeshwi na mtu mmoja. Na ninasoma siku hiyo hiyo. Najua nimeshasema. Nalisema tena kwa sababu nimeona wanaoniomba ushauri wanaipenda kalenda kuliko kusoma, na kalenda tupu haimsaidii mtu.

Siku ambayo kweli siwezi kufika, na zipo, namwambia mtoto mapema ni nani atakuja. Namtajia mtu: shangazi yako atakaa mstari wa pili, amevaa kitenge cha kijani. Mtoto akipanda jukwaani ajue macho yake yaende wapi.

Jambo moja nililolifanya shuleni najivunia, na sitalificha. Kikao cha Januari mwaka huu, 2025, nilifika saa moja kabla. Ilipofika zamu ya wazazi nikasimama. Nikasema watoto wetu tunawasomesha kwa Kiingereza, sawa, lakini karatasi ya Ijumaa inasomwa na dada wa kazi, na bibi, na dereva wa gari la shule, na baba ambaye hakuvuka la saba ila ndiye anayelipa ada. Iandikwe na kwa Kiswahili. Pakawa kimya, kisha babu mmoja nyuma akapiga makofi. Tangu Machi upande mmoja ni Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Na katika grupu mwalimu anatuma tangazo kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na hakuna anayeruhusiwa kuandika mpaka Jumamosi asubuhi. Dada wa nyumbani kwangu sasa ndiye anayenipigia: "Mama, wiki ijayo kuna kikao, umeona?"

Jumamosi iliyopita ilikuwa Siku ya Wazazi tena. Duka nililifunga. Nilikaa mstari wa kwanza, na binti yangu, sasa darasa la nne, alisoma shairi peke yake. Hakuangalia lango.

Wazazi wenzangu, tuambizane. Tunaposema "ada nimelipa" tunajidanganya kwamba tumenunua mtoto aliyelelewa. Shule inaandika kwa sababu peke yake haiwezi. Mwalimu ana watoto thelathini, wewe unaye mmoja pale. Biashara nazijua, foleni naijua, uchovu naujua kuliko wengi. Hata mimi ninayefungua duka kabla ya jua nimepata dakika tano za Ijumaa. Usiniambie huna. Umezipata dakika za kusoma magomvi ya wasanii, unazo. Na akina baba, msimwachie mama karatasi kana kwamba imeandikwa kwa jina lake. Juu kabisa imeandikwa "Wazazi na Walezi", na baba naye ni mzazi.

Kwa mwenye mtoto darasa la nne kama mimi, muhula huu umejaa. Nane Nane ni sikukuu, shule haipo. Septemba darasa la saba wanafanya mtihani wao wa taifa, na shuleni kwetu madarasa mengine yanabaki nyumbani siku hizo, kwa hiyo panga mapema nani atakaa na watoto. Mahafali yao yanafuata. Oktoba 14 ni siku ya Mwalimu Nyerere. Oktoba hiyo hiyo wetu wanafanya upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na hapo usimtoe mtoto shule kwenda harusini mkoani, hata harusi iwe ya nani.

Kabla ya hayo yote kuna ziara ya Bagamoyo. Tangazo limewaomba wazazi tuzungumze na watoto kuhusu mji ule kabla ya safari, nami jana usiku nilikaa kitandani kwake nikamwambia ninachokijua: kwamba pale ndipo Wajerumani walipoweka makao yao makuu kabla ya kuyahamishia Dar es Salaam mwaka 1891, kwamba misafara ya pembe na ya watumwa iliishia ufukweni pale baada ya kutembea miezi, kwamba Kaole kuna magofu ya msikiti na makaburi ya matumbawe ya mamia ya miaka. Akauliza kama watu waliozikwa Kaole walikuwa na watoto. Nikamwambia walikuwa nao. Akauliza kama nami naenda.

Shule inahitaji wazazi wanne wa kuongozana na darasa. Jina langu nimeliandika la kwanza. Fomu inatakiwa Jumatano, nimeshaisaini, iko kwenye mfuko wa mbele wa begi.