Doti, nukta au madoa?

Dada mmoja mwenye steshenari Chikongola, Mtwara, kaniandikia: "Mwalimu shikamoo. Natengeneza kadi za unyago, nikiweka picha ya mwali kwenye PageMaker, ile programu ya kupanga kurasa, nikaiprinti nyeusi na nyeupe inatoka imejaa vidoti. Nikamwambia mteja ni doti tu hizo, akacheka, akauliza doti bei gani na kama ni za khanga mpya. Nisemeje?"

Marahaba dada. Mteja kakuonea kidogo ila ana hoja, doti kwa Kiswahili ishapata mwenyewe, ni khanga vipande viwili, na huko Kusini wakati wa ngoma nani asiyeijua. Wewe sema nukta. Kila aliyepita shule anasema mbili nukta tano, hatashangaa. Madoa usithubutu, doa ni uchafu, mtu akisikia picha yake ina madoa anataka hela yake. Madoadoa afadhali, lakini hayo ni ya chui, yamekaa ovyo ovyo, wakati nukta za picha zimejipanga kwa mistari, kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine umbali ni ule ule, kinachobadilika ni unene tu: penye giza zimenenepa mpaka zinagusana, penye mwanga zimekonda, na ukiishika kadi mbali kidogo unaona kijivu wakati printa ina wino mweusi peke yake.

Sasa hapa ndo patamu. Printa ya 600 kwa inchi nayo ina nukta zake, hizo 600, ndogo zaidi, ndo zinazojenga zile za picha, na ukiziita zote nukta utajichanganya mwenyewe. Tumia vi- yetu: za picha ni nukta, za mashine ni vinukta. Ukiweka mistari 60 ya nukta kwa inchi kila nukta inapata uwanja wa vinukta 10 kwa 10, kwa hiyo unapata kijivu cha viwango 101 ukihesabu na nyeupe; ukijitia unataka picha laini ukaweka mistari 100, uwanja unabaki 6 kwa 6, viwango 37 tu, na shavu la mwali linatoka mabakamabaka.

Ukiskani picha ya gazeti, yenye nukta zake tayari, halafu ukaiprinti, nukta za gazeti zinagombana na zako. Michoro inayojitokeza juu ya picha iite mawimbi, inatosha.

Neno kuprinti sina ugomvi nalo. Ila kwenye bango lako mimi ningeandika "tunachapa kadi", si "tunachapisha", maana anayechapisha ni yule mama aliyekuletea kazi.