Jibu: Ile michirizi ilitoka wapi

Ndugu yangu, umeuliza kama michirizi mifupi inayojaa kwenye picha ninazochora niliisomea shuleni au niliiga Wazungu. Ilianzia kwenye mikeka ya nyanya yangu, hapa hapa Lubumbashi, Kongo, kwenye mtaa uitwao Kenya. Jioni alisuka, mimi nikimpangia matete kwa rangi.

Miaka mingi baadaye nikakutana na picha ya mchoraji Mwenze Kibwanga, nikasimama kama niliyeitwa jina. Mnyama mzima, na msitu ulio nyuma yake, vimesukwa kwa mistari midogo iliyolazwa ubavu kwa ubavu. Mkeka kabisa! Mwenze alitoka kwenye karakana ya uchoraji ya Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyeifungua mwaka 1946, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville. Mzee yule hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya; kila mmoja atafute mkono wake. Ndiyo maana Pilipili Mulongoy alijaza samaki na ndege kwa vidoti, naye Bela akaacha brashi, akachora kwa ncha za vidole. Mimi nilijaribu vidole mwezi mzima. Havikunikubali.

Maneno ninayoandika ndani ya picha ni deni langu kwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yetu katika picha zaidi ya 100, miaka ya 1973 na 1974.

Na ule wekundu uliousifu, ndugu, ni udongo wa kichuguu. Nauchekecha mwenyewe, nauchanganya na gundi.