Mzazi mwenzio akikusingizia polisi, ni kosa? Ndiyo, kuripoti uongo polisi ni kosa

Hapa Kenya mzazi mwenzio akiripoti kwamba unampiga mtoto huku akijua si kweli, anaangukia kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu: kifungo hadi miaka 3. Lakini lazima ithibitishwe alijua ni uongo. Kesi yake kukosa ushahidi pekee haitoshi, na hapo ndipo wengi hukwama.

Ukiitwa kituoni nenda, ikiwezekana na wakili, na uulize namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Usiandikishe taarifa ukiwa na hasira. Ukikamatwa una haki ya kunyamaza (Ibara ya 49 ya Katiba). Jumbe zake za WhatsApp usizifute, tena tunza simu yenyewe, maana picha za skrini bila cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa kwenye simu (kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi) hupingwa mahakamani. Mkikabidhiana mtoto awepo shahidi. Na usimfiche mtoto kulipiza kisasi, utampa kesi ya kweli.

Suala la malezi lipeleke Mahakama ya Watoto, uombe amri inayotaja siku na saa. OCS (mkuu wa kituo cha polisi) hana mamlaka ya kuamua mtoto akae kwa nani, hata akijifanya anayo.