Re: Vijana wa uhandisi wanakimbia baada ya muhula wa kwanza

Mkuu, umeuliza kama wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza wanaoacha uhandisi ni wavivu. Sidhani. Mpwa wangu alitoka hapa Masasi na divisheni wani, Krismasi karudi anasema anataka kuhamia ualimu. Muhula mzima alikuwa anakokotoa hesabu asizojua za nini.

Nikamkalisha mbele ya mashine ya mkono ya kubangulia korosho. Kutoka kwenye bawaba hadi kwenye kisu sentimita 5, hadi kwenye mpini sentimita 30. Ukisukuma mpini kwa nguvu ya nyutoni 50, ganda linapata 300, mara sita. "Kumbe momenti ndiyo hii!" Yaani nguvu mara umbali wake kutoka kwenye bawaba. Akakaa na mashine mpaka magharibi, mama yake anamwita kula haitiki.

Kwa hiyo usisubiri mwaka wa tatu kuwaonyesha daraja. Wiki ya pili wape kitu cha kushika, wakivunje, wakipime. Jaribio dogo lisilo na alama lije mapema, na karatasi uzirudishe wiki hiyohiyo. Aliyeanguka akijijua Desemba ameshachelewa. Waruhusu waulize kwa Kiswahili. Wengi wanaelewa swali, wanaogopa Kiingereza chao kuchekwa.

Halafu bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa kuna wanaokosa vipindi kwa njaa tu. Hilo huwezi kulitatua wewe, ila ukiona kiti kitupu siku tatu, piga simu. Mpwa wangu hakupigiwa na mtu. Yuko mwaka wa tatu sasa, uhandisi wa mitambo.